Kabla ya Nadharia, Cheza: Utangulizi kwa Msomi Mpya wa Gemu

Wanafunzi wanaoingia katika taaluma ya michezo ya kidijitali huja na swali lilelile: nianze na kitabu gani? Jibu langu huwaudhi baadhi yao. Usianze na kitabu. Anza na gemu moja, ndogo, kongwe, yenye mwanzo na mwisho, uicheze yote mwenyewe, daftari likiwa karibu. Vitabu vitakuja, na humu nitakutajia vichache. Lakini anayetaka kuandika juu ya bao la Kiswahili bila kuwahi kukaa mkekani na kusia kete hawezi kujua kwa nini wachezaji hukuna vichwa katika hatua ya namua na kwa nini hatua ya mtaji ni mchezo mwingine kabisa. Alexander de Voogt, aliyetetea tasnifu yake juu ya mabingwa wa bao wa Zanzibar mwaka 1995, aliwafuata mabingwa hao walipo. Gemu ya kompyuta inadai heshima hiyohiyo.

Gemu ninayokupendekezea ni Pokémon Red, ya mashine ya mkononi iitwayo Game Boy. Nina sababu zangu. Inamalizika kwa saa 25 au 30 ukiwa na bidii ya kawaida. Haibadiliki: gemu za leo husahihishwa na watengenezaji kila mwezi, hata anayesoma makala yako mwaka ujao akawa anacheza kitu kingine, lakini kaseti ya Red ni ileile iliyouzwa zamani. Toleo la kwanza la Kijapani lote lilikaa ndani ya kilobaiti 512, kiasi kisichotosha picha moja ya simu yako. Tena mashabiki wameufumua msimbo wake mstari kwa mstari, kwa hiyo ukitilia shaka jambo ulilolihisi unapocheza, unaweza kwenda kuhakikisha. Fani chache zina matini ya kufundishia iliyo wazi kiasi hicho.

Hoja ninayoibeba katika utangulizi huu ni kwamba gemu hii imejengwa kwa kunyima. Inakunyima nafasi, inakunyima njia, inakunyima viumbe, na mara nyingine inakunyima maelezo. Karibu kila kinachowavutia wasomi ndani yake, kuanzia urafiki wa watoto hadi uvumi wa shuleni hadi umbo la ubongo, kinatokana na kunyimwa huko. Ukiicheza ukiwa na mwongozo pembeni unaokupa kila kitu, umejinyima mada yako ya utafiti.

Tuanze na chombo. Game Boy ilitoka Japani mwaka 1989, kazi ya kikosi cha Gunpei Yokoi wa Nintendo, mhandisi aliyeamini katika kutumia teknolojia iliyokwisha kuzoeleka na kushuka bei kuliko kukimbilia iliyo mpya. Kioo chake kilikuwa na nukta 160 kwa 144 na vivuli vinne tu, vya ukijani uliochujuka. Kumbukumbu ya kufanyia kazi ilikuwa kilobaiti 8. Haikuwa na taa ya ndani, kwa hiyo mtoto aliyetaka kucheza usiku alitafuta mwanga wa kuazima. Ilikula betri nne. Ubavuni ilikuwa na tundu la kuchomeka waya wa kuiunganisha na Game Boy nyingine, na tundu hilo ndilo lililomwasha Satoshi Tajiri.

Tajiri alizaliwa mwaka 1965, akakulia Machida, pembezoni mwa Tokyo, akikamata wadudu katika mabwawa na mashamba ambayo baadaye yalimezwa na majengo. Mwaka 1983 alianzisha kijarida cha mashabiki wa gemu kilichoitwa Game Freak. Ken Sugimori akajiunga naye kama mchoraji, na mwaka 1989 kijarida kikageuka kampuni. Tajiri mwenyewe amesimulia kwamba alipoutazama ule waya aliwaza wadudu wakitambaa ndani yake kutoka mashine moja kwenda nyingine. Kulifanya wazo hilo kuwa gemu kulichukua takriban miaka sita. Fedha zilikauka, baadhi ya wafanyakazi wakaondoka. Tarehe 27 Februari 1996 matoleo mawili, Red na Green, yakaingia madukani Japani, wakati ambapo wengi walishaihesabu Game Boy kuwa mashine ya kizee. Marekani walisubiri hadi Septemba 1998, nao wakapewa Red na Blue. Matoleo haya ya kwanza yameuzwa zaidi ya nakala milioni 31 duniani. Historia ya biashara hiyo ni ndefu na imeandikwa sana. Sisi twende kwenye mchezo.

Unaanza chumbani kwako, mtoto katika kijiji cha Pallet Town. Mama yuko chini, baba hatajwi. Ukijaribu kutoka kijijini na kukanyaga nyasi ndefu, Profesa Oak anakuita urudi: nyasini mna viumbe wa porini waitwao Pokémon, nawe huna wa kukulinda. Anakupeleka maabara kwake na kukuonyesha mipira mitatu. Ndani mna Bulbasaur wa majani, Charmander wa moto na Squirtle wa maji. Chagua mmoja. Mjukuu wa profesa, ambaye ni hasimu wako tangu utotoni, anangoja uchague, kisha anachukua yule mwenye uwezo wa kumshinda wako. Dakika kumi hazijapita, na tayari umefundishwa kwamba hakuna aliye bora kwa kila hali: maji huzima moto, moto huunguza majani, majani hunywa maji. Pembetatu hiyo imepanuliwa hadi aina 15 za viumbe, na safari yote iliyobaki ni kujifunza, kwa kuumia, jedwali la nani humshinda nani.

Kuumia kwa kwanza kunakuja Pewter City. Kila mji mkubwa wa Kanto, nchi ya gemu hii, una ukumbi wa mapambano na bingwa wake. Ukimshinda unapewa beji, na beji nane ndizo zinazokufungulia mlango wa mwisho. Bingwa wa Pewter ni Brock. Viumbe wake ni wawili tu, Geodude na Onix, wote wa mwamba na ardhi. Aliyechagua Squirtle au Bulbasaur anapita akipiga mluzi. Aliyechagua Charmander anakwama, maana moto juu ya jiwe haufui dafu. Hapo ndipo utamwona mchezaji akianza kufikiri. Anarudi msitu wa Viridian, anamkamata kiwavi aitwaye Caterpie, mdudu asiyetisha mtu, anamlea. Akifika kiwango cha 7 anakuwa bundo, akifika cha 10 anakuwa kipepeo Butterfree, na katika kiwango cha 12 kipepeo huyo anajifunza shambulio la nguvu za akili ambalo mwamba wa Onix hauna kinga nalo. Gemu haikukueleza lolote kati ya haya. Ilikuwekea ukuta, na karibu na ukuta ikakuwekea msitu.

Nawashauri wanafunzi waandike hasa katika sehemu kama hizi: ulikuwa na nini, ulizuiwa na nini, ulifanya nini. Safu hizo tatu zinatosha. Daftari la namna hii, likijazwa kwa uaminifu kwa saa 25, lina thamani kuliko muhtasari wa nadharia kumi, kwa sababu linakuonyesha mbunifu wa gemu akizungumza nawe kwa kutumia mlango uliofungwa.

Na milango iliyofungwa ni mingi. Mkoba wako unabeba aina 20 za vitu. Kikosi chako ni viumbe sita, na kila mmoja anamudu mashambulizi manne tu. Akijifunza la tano lazima asahau moja. Wengine unawahifadhi kwenye kompyuta, katika makasha ya viumbe 20 kila moja, na kasha likijaa huwezi kumkamata yeyote hadi urudi kwenye kompyuta ukafungue jingine. Fikiria umekutana na kiumbe uliyemtafuta siku nzima, umerusha mpira, unaambiwa kasha limejaa! Baiskeli dukani inauzwa 1,000,000, fedha ambayo mkoba wako hauwezi hata kuihesabu, kwa hiyo inakubidi umpate mzee mmoja wa Vermilion City, umsikilize akimsifia kiumbe wake kwa maneno mengi kuliko lazima, ndipo akupe hati ya kuichukua bure. Karibu na Mlima Moon kuna mchuuzi anayekuuzia samaki Magikarp kwa 500. Samaki huyo hana analojua isipokuwa kurukaruka. Wengi hucheka na kujiona wametapeliwa, na kwa muda ni kweli. Anayemvumilia hadi kiwango cha 20 anapata Gyarados, mmoja wa wenye nguvu zaidi katika nchi nzima.

Lakini mlango mkubwa kuliko yote hauwezi kuufungua peke yako hata ukicheza miaka. Kaseti ya Red haina Sandshrew, Vulpix wala Meowth. Ya Blue haina Ekans, Growlithe wala Scyther. Kadabra, Machoke, Graveler na Haunter hawafikii umbo lao la mwisho mpaka wapitishwe kwenye waya kwenda kwa mtu mwingine. Ukichagua Charmander, wenzake wawili hutawapata kamwe katika safari yako. Kwa hiyo ile orodha ya viumbe ambayo Profesa Oak anakutuma ukaijaze haiwezi kujazwa na mtu mpweke. Ni lazima uwe na rafiki, rafiki awe na toleo lisilo lako, na mmoja wenu awe na waya. Baadhi ya wakosoaji waliuona mpango huu kuwa hila ya kuuza kaseti mbili badala ya moja, na sitawabishia sana: biashara ilinufaika. Hata hivyo, watoto walioketi sakafuni wakijadiliana kama Growlithe mmoja ni sawa na Vulpix mmoja walikuwa wakifanya jambo ambalo gemu nyingi za wakati ule, zilizomfungia mtoto mbele ya televisheni, hazikuliwezesha.

Ningependa sasa tukae kidogo Lavender Town, maana ndipo wasomi wa fasihi huacha kuona haya kuwa wamo humu. Ni mji mdogo wenye mnara wa makaburi ya Pokémon. Muziki wa Junichi Masuda hapo unakera sikio kwa makusudi. Ukipanda ghorofa za juu unakutana na mizuka. Pambano linafunguka kama mapambano yote uliyozoea: menyu ileile, vitufe vilevile. Unamwamuru kiumbe wako ashambulie, unaambiwa ameogopa mno hata hawezi kusogea. Unarusha mpira, mzuka unaukwepa. Kila ulichojifunza kwa saa kumi kimekufa mkononi. Unachoweza ni kukimbia. Baadaye, ukishapata kifaa cha kuutambua mzuka kutoka kwa genge la Team Rocket, unarudi na kugundua kwamba aliyesimama kwenye ngazi ni Marowak, mama aliyeuawa na genge hilo akimwacha mwanawe yatima. Mwandishi wa riwaya angekieleza kifo hicho kwa kurasa. Gemu imekieleza kwa kuvifanya vitufe vyako visitii. Mwanafunzi akinielewa hapo, nusu ya kozi imekwisha.

Kuna nyongeza inayonifurahisha. Katika duka kubwa la Celadon City huuzwa mwanasesere wa kuwashughulisha viumbe wa porini ili ukimbie. Wachezaji waligundua kwamba ukimtupia mzuka wa Marowak mwanasesere huyo, gemu inahesabu kuwa umemshinda, na njia inafunguka bila kile kifaa. Wanaoshindana kumaliza gemu kwa kasi wameutumia ujanja huo sana. Watengenezaji waliandika msiba. Wachezaji wakaumaliza kwa kidoli. Ukiandika juu ya gemu, unaandika juu ya mambo yote mawili, na usiruhusu la kwanza lilifunike la pili.

Hapa tunaingia kwenye mada ya hitilafu, na nitaikawilia kidogo kwa sababu ndiyo niipendayo. Kwenye Viridian City kuna mzee anayekuonyesha jinsi ya kukamata kiumbe. Ili skrini iandike kuwa mzee ndiye anayecheza, programu inaliondoa jina lako kwa muda na kulihifadhi mahali pengine katika kumbukumbu. Kumbuka kumbukumbu ni finyu. Hakuna chumba cha wageni. Jina linawekwa kwenye nafasi inayotumika kwa orodha ya viumbe wa nyasini wa eneo ulilopo. Kawaida haina madhara, maana ukiingia eneo jingine lenye nyasi orodha mpya inaandikwa juu yake. Ila kisiwa cha Cinnabar hakina nyasi, kwa hiyo hakiandiki chochote. Ukiruka moja kwa moja kutoka kwa mzee hadi Cinnabar, kisha ukaogelea juu na chini kwenye ufuo wake wa mashariki, ambako mstari mwembamba wa maji umewekewa kimakosa kanuni za nyasi, programu inaisoma ile nafasi ikidhani ni orodha ya viumbe. Inazisoma herufi za jina lako. Watoto wenye majina tofauti walikutana na viumbe tofauti, na wengi walikutana na kipande cha nukta zilizovurugika kiitwacho MissingNo. Kitu cha sita mkobani, kama idadi yake ni chini ya 128, kinaongezeka kwa 128, kwa kuwa jaribio la kuweka alama kwamba umemwona kiumbe asiye na namba kwenye orodha linaigusa biti isiyohusika.

Watoto hawakujua habari ya biti. Walijua kwamba ukiongea na mzee, ukaruka, ukaogelea, unapata peremende adimu zisizokwisha. Nintendo iliwaonya wachezaji kwamba kukutana na MissingNo kunaweza kuharibu gemu, na kweli picha za ukumbi wa mabingwa huvurugika. Onyo likawa tangazo. Mwanasosiolojia William Sims Bainbridge alishirikiana na binti yake kuandika makala, iliyotoka mwaka 2007, juu ya jinsi wachezaji wanavyozitumia hitilafu kama hii kwa ubunifu. Isome ukishaogelea mwenyewe.

Kiumbe aitwaye Mew ni kisa kinachofanana na hicho lakini kina sura nyingine. Gemu ilitangazwa kuwa na viumbe 150. Karibu na mwisho wa kazi, zana za kukagulia makosa zilipoondolewa kwenye kaseti, ilibaki nafasi ya baiti 300 hivi, na mwandishi wa programu Shigeki Morimoto akampenyeza wa 151 humo. Hakuwekwa mahali popote pa kumkamata. Lakini katika jumba lililoteketea kisiwani Cinnabar kuna shajara zinazomtaja, na Vermilion City, kando ya bandari ya meli S.S. Anne, kuna lori moja limeegeshwa mahali ambapo mchezaji wa kawaida hafiki. Hakuna lori jingine Kanto nzima. Watoto wa nchi nyingi wakaambizana kwamba Mew yuko chini ya lori hilo, na kwamba ukilisukuma kwa kiumbe mwenye shambulio la Strength utamwona. Hayupo. Uvumi ulitembea shule hadi shule katika miaka ambayo nyumba nyingi hazikuwa na intaneti, kila msimuliaji akiongeza sharti lake. Kisha mwaka 2003 ikajulikana kuwa Mew anaweza kupatikana kweli, kwa hitilafu isiyohusiana na lori hata kidogo.

Msomaji aliyesomea fasihi simulizi ameshaanza kutabasamu. Humu mna msimuliaji, hadhira, matoleo yanayotofautiana na sharti la kuamini, vitu tulivyofundishwa kuvirekodi vijijini na mijini. Nadhani idara zetu za Kiswahili zimejiandaa kwa utafiti huu kuliko zinavyojua, na ni hasara kwamba tumeuachia watu wa kompyuta peke yao.

Sasa vitabu na makala, kwa ufupi. Mwaka 2002 Andrew Balmford na wenzake walichapisha katika jarida la Science utafiti juu ya watoto wa shule za msingi Uingereza, wa miaka 4 hadi 11. Waliona kwamba ifikapo miaka minane watoto waliwatambua Pokémon vizuri zaidi kuliko wanyama na mimea ya nchi yao. Waandishi wa uhifadhi waliunukuu kwa masikitiko, nami naungana nao, ila mtu asisahau kwamba gemu hiyo ilizaliwa na mtu aliyesikitikia mabwawa yaliyofukiwa. Mwaka 2019 Jesse Gomez, Michael Barnett na Kalanit Grill-Spector wa Stanford walionyesha, katika Nature Human Behaviour, kuwa watu wazima waliocheza sana utotoni wana sehemu ya ubongo, mahali palepale kwa mtu na mwenzake, inayoitikia picha za Pokémon kuliko picha za vitu vingine. Maelezo yao yanarudi kwenye ufinyu wa kioo: picha ndogo, iliyoshikwa umbali uleule kila siku, ikiangukia katikati ya jicho.

Greg Aloupis, Erik Demaine, Alan Guo na Giovanni Viglietta walithibitisha kwamba, ramani ikiruhusiwa kukua bila kikomo, kuamua kama mchezaji anaweza kufika anakokwenda katika Pokémon ni tatizo la kundi ambalo wanahisabati huliita gumu la NP. Anne Allison, katika Millennial Monsters ya mwaka 2006, anaieleza Japani iliyozaa viumbe hawa. Kitabu alichokihariri Joseph Tobin mwaka 2004, Pikachu's Global Adventure, bado ni kizuri kuhusu watoto na masoko, ingawa jina lake dogo linazungumzia kupanda na kuanguka kwa Pokémon, na historia imelicheka: mwaka 2016 watu wazima walikuwa wakigongana barabarani wakicheza Pokémon GO.

Utafiti haujafungwa. Tarehe 12 Februari 2014 mtu mmoja asiyejitaja aliiweka Red mtandaoni ili kila mtazamaji aandike amri, na zaidi ya watu milioni moja wakamwongoza mhusika mmoja kwa pamoja, wakimgongesha ukutani kwa saa nyingi, wakabuni hata dini ya kisukuku cha Helix. Tarehe 1 Machi wakaimaliza. Mwaka 2025 kampuni ya akili mnemba Anthropic, kwa modeli ya Claude, na wengine kwa Gemini ya Google, walizitumia Red na Blue kupimia uwezo wa mashine kupanga safari ndefu, na ilipendeza kuona mashine zikipotea katika mapango yaleyale yaliyowapoteza watoto wa miaka minane.

Utaulizwa, na jibu uwe nalo, kama si aibu kusomea gemu ya kupiganisha wanyama. Swali ni halali. Viumbe huzimia, hawafi pambanoni, lakini wanakamatwa, wanafungwa na kupiganishwa kwa amri. Usilikwepe kwa kusema ni mchezo tu. Kama ni mchezo tu basi na tasnifu yako ni mchezo tu. Mimi naona gemu yenyewe ina wasiwasi na jambo hilo bila kuwa na ujasiri wa kulimaliza. Inatuchukiza na Team Rocket kwa kuwatumia viumbe vibaya, kisha inatufichulia kwamba mkuu wa genge, Giovanni, ndiye bingwa halali wa ukumbi wa Viridian, na hakuna raia hata mmoja anayeuliza imekuwaje. Mada ya shahada ya uzamili hiyo, bado inangoja mtu.

Na ukirudi msimboni, zipo hitilafu ambazo zimebadili maana ya mchezo wote. Shambulio la mzuka lilikusudiwa kuwaumiza viumbe wa nguvu za akili; kwa kosa la jedwali haliwagusi kabisa, na hivyo Alakazam na Mewtwo wakawa wafalme wasio na mpinzani mpaka matoleo ya mwaka 1999 yaliporekebisha. Ukisoma mtu anayeeleza falsafa ya wabunifu kuhusu ukuu wa akili juu ya mwili katika Red, mwulize kwa upole kama ameliona jedwali.

Basi pata kaseti halali ya Red au Blue na mashine ya kuichezea. Za mitumba zipo. Hakikisha ile betri ndogo ndani ya kaseti bado ni nzima kabla hujaingia mbali, kwani ikifa safari yako yote inafutika na hakuna wa kumlalamikia. Tafuta mwenzako mwenye toleo ambalo wewe huna. Chora safu zako tatu. Usiguse mwongozo wowote mpaka umalizane na mnara wa Lavender Town. Na Profesa Oak akikuwekea mipira mitatu mezani, mchukue Charmander.